Mimi ni kipa tu

Hii ilikuwa Februari 2019. Nakaa Reading, Uingereza, wakati huo, nabeba boksi usiku kwenye nyumba ya kutunza wazee, na gari yetu ilikuwa ka-Toyota Yaris ka mkononi, kadi ina jina langu ila kuendesha tunaendesha watatu, mimi, mke wangu na shemeji yangu mdogo wake, wote tupo kwenye bima. Hilo la watatu lishike vizuri maana ngoma yote imekaa hapo.

Sasa Jumatatu asubuhi nimetoka zamu, miguu inawaka moto, nafungua mlango nakanyaga bahasha. Ndani kuna picha mbili nyeusi nyeupe za kamera, moja gari inaingia paki ya maduka saa nane na dakika saba mchana, nyingine inatoka saa kumi na dakika thelathini na moja, Jumamosi ya tarehe 2. Taa zimewaka mpaka kioo cha mbele ni kiza tupu, kinachosomeka ni pleti namba tu. Paki ni bure masaa mawili, gari imekaa masaa mawili na dakika 24, kwa hiyo nadaiwa pauni 100, nikilipa ndani ya siku 14 wananipunguzia inakuwa 60.

Niseme ukweli nilinywea. Mwaka ule ule makaratasi yangu yalikuwa yanaisha natakiwa niombe upya, na mtu wa makaratasi akiona barua yenye jina lake kwa herufi kubwa na neno "notisi" haoni paki anaona uwanja wa ndege. Mke wangu akasema baba watoto lipa hiyo sitini yaishe tulale. Shemeji yeye akacheka, akasema shem tupa pipani, hao wa binafsi hawana meno. Mimi kichwani napiga hesabu, kima cha chini wakati huo pauni 7.83 kwa saa, yaani sitini ni karibu zamu nzima ya kugeuza wazee na kubadilisha mashuka, kwa dakika 24! Lakini nilishaamua nalipa. Ila kabla ya kulipa nikasema ngoja niwaandikie kiungwana niombe msamaha labda watanionea huruma, nikaandika barua yangu ndefu kwenye simu, foleni ya famasi ilikuwa ndefu, mtoto alikuwa na homa, nisameheni sana. Sikuituma, bando lilikata. Namshukuru Mungu kwa lile bando.

Usiku kazini nilikuwa zamu na dada mmoja wa Mombasa, mkubwa kwangu, amekaa Uingereza miaka mingi, mtu wa kusoma kila karatasi mpaka ile ya ndani ya boksi la panadol. Saa nane usiku wazee wamelala, tuko jikoni na chai, nikamtolea ile barua. Akavaa miwani akaanza kuisoma kama mtu anachambua mchele, mbele, nyuma, mbele tena.

"Hii si faini," akasema. "Faini yatoka kwa polisi ama halmashauri. Hawa ni wadai tu, kama mtu wa duka akudai."

Kumbe kuna ujanja hapo. Ile ya halmashauri inaandikwa PCN, na hii ya kampuni nayo inaandikwa PCN, herufi zile zile, ila P ya halmashauri ni penati na P ya hawa ni parking tu. Nikamuuliza sasa jina langu na mpaka nilipolala wamelipataje, akanambia wamenunua kule kule serikalini, DVLA, ofisi inayosajili magari, pauni mbili na nusu. Aisee hiyo iliniuma kuliko ile mia. Jina alilonipa babu yangu halifiki hata bei ya sahani ya chipsi.

"Sasa nambie, kwenye barua hii wewe ni nani?"

"Mwenye gari."

"Hapana. Kadi ya huku yenyewe imeandika si ushahidi wa umiliki. Wewe ni keeper, mtunza gari tu."

Mimi nikacheka, kipa? Kama wa Simba? Akasema cheka tu lakini ndivyo hivyo, wewe ni kipa, aliyepiga mpira ni dereva, na hawa hawamjui dereva, picha haimwonyeshi. Deni ni la dereva. Ili walihamishe kutoka kwa dereva walilete kwa kipa kuna sheria ya mwaka 2012, ile ile iliyopiga marufuku kufunga magari minyororo kwenye maeneo ya watu binafsi, Uingereza na Wales. Walinyang'anywa minyororo wakapewa kipa, ila wamepewa kwa masharti, na sharti moja ni kwamba kama hawakubandika kikaratasi kwenye kioo, wametumia kamera tu, basi barua lazima imfikie kipa ndani ya siku 14, unaanza kuhesabu kesho yake.

Akainuka akaenda kwenye kalenda ya ukutani, ile yenye ratiba ya watu wa kuja kuwakata wazee kucha, akaweka kidole tarehe 3, akaanza. Moja, mbili, tatu... Kumi na nne ikaangukia tarehe 16. Akarudi kwenye barua akanionyesha tarehe ya juu kulia, 21 Februari. Yaani siku wanaiandika tu walikuwa wameshachelewa siku tano, achilia mbali ya posta.

"Na wao wajua," akasema. "Tazama, hiyo sheria ya 2012 hawajaitaja popote. Wameandika tu twakuomba utwambie nani alikuwa aendesha. Kwa nini waulize kama wana haki ya kukudai wewe?"

Nikafurahi nikamtolea na ile barua yangu ya msamaha kwenye simu aone nilivyojieleza. Alisoma mstari wa kwanza tu akanirudishia simu kama imemuunguza.

"Wewe kaka wataka kujisema mwenyewe? Nani huyu 'nilikuwa' kwenye foleni?"

Hapo ndo nikaelewa. Na mimi barua ile nilikuwa naiwaza kwa Kiswahili kichwani halafu naitoa kwa Kizungu, na Kiswahili bwana ukifungua mdomo tu umeshataja mtu, nilipaki, alipaki, tulipaki, kitenzi hakitoki nyumbani bila mwenyewe. Ile "ni" ya mbele ilikuwa na thamani ya pauni mia. Dada akanifundisha, sema gari iliegeshwa. Gari iliingia. Gari ikatoka. Dereva. Usiseme uongo hata kidogo, usiseme si wewe, usiseme ni fulani, wewe hulazimiki kuwajibu hawa swali hilo. Ila akanionya, polisi wakikuandikia kwamba gari lako limekwenda mbio na wanataka dereva, hapo ni sheria nyingine, lazima utaje, usije ukawaletea ukipa wako.

Na ya shemeji ya kutupa pipani nayo aliikataa. Zamani watu walikuwa wanatupa kweli, lakini mwaka 2015 kuna jamaa, Barry Beavis, alidaiwa 85 kwa kuzidisha karibu saa zima kwenye paki ya maduka kule Chelmsford, alipigana mpaka Mahakama ya Juu kabisa akashindwa. Toka hapo ukitupa wanakuja wakusanya madeni na nyongeza zao, halafu karatasi ya korti, na ukiipuuza hiyo unahukumiwa ukiwa umelala. Wewe na makaratasi yako hutaki hiyo.

Basi nikaandika upya, mistari sita. Mimi ni kipa wa gari namba hii. Dereva hatatajwa. Barua yenu haikufika ndani ya siku zilizowekwa kwenye sheria ya 2012, kwa hiyo deni haliwezi kuhamia kwangu. Futeni, au nipeni namba ya POPLA. Hao POPLA ndio wa kusikiliza rufaa za paki za binafsi kwa kampuni zilizo kwenye chama chao, kipa halipi hata senti.

Wiki mbili na kidogo wakajibu wamekataa. Kurasa tatu, na hawajagusa suala la siku 14 hata kwa bahati mbaya, wanaeleza tu vibao vyao ni vikubwa na vinaonekana, nani kauliza vibao? Chini kabisa namba ya POPLA, tarakimu kumi. Mke wangu akasema si nilikwambia, sasa ile punguzo nayo imeenda, ni mia kamili. Nyumba ilikuwa baridi siku mbili tatu hivi. Nikaingia mtandaoni nikajaza, nikapandisha picha ya barua na tarehe nimeizungushia duara jekundu, na hesabu ya siku nimeiandika kama alivyohesabu dada, moja moja.

Aprili ikaja imeili, nasoma naona neno "withdrawn" na neno "rufaa yako" kwenye sentensi moja, nikajua basi nimetupwa nje. Nikampigia dada mchana amelala, maskini, akaniambia nisomee polepole. Nikasoma. Kimya. Halafu nasikia anacheka. Kampuni ndio imejitoa, haikuleta hata ushahidi mmoja, deni limefutwa. Alipomaliza kucheka akanikatia simu arudi kulala.

Dakika 24 zilizidi kweli, sikatai, na foleni ya famasi ilikuwepo kweli pia. Shemeji mpaka leo tukikaa na watu anahadithia kama yeye ndiye aliyeshauri, akifika kwenye "nani alikuwa anaendesha" wote wananigeukia mimi. Siku ile ya imeili niliingia kwenye gari kwenda kazini nikakuta mshale wa mafuta umelala F, na gari ile haijawahi kujazwa toka tuinunue, tunaweka za kumi kumi. Aliyejaza naye simtaji.