Kitufe cha Kikohozi: Nilivyoiwekea Maikrofoni ya Kompyuta Yangu Swichi ya Kuinyamazisha

Mkalimani anayefanya kazi kwa njia ya mtandao hupata sekunde moja tu ya kukohoa. Msemaji hamsubiri, wasikilizaji wamevaa vifaa masikioni, na chochote kinachotoka kooni mwake kinawafikia kana kwamba amewainamia sikioni. Kwenye kumbi kubwa za mikutano, kila meza ya mkalimani huwa na kitufe ambacho hukibonyeza anapotaka kukohoa, kunywa maji au kumnong'oneza mwenzake, na akikiachia sauti hurudi papo hapo. Mimi nafanyia kazi chumbani kwangu Nkuhungu, hapa Dodoma, ambako upepo wa kiangazi hupenyeza vumbi hadi ndani ya kabati lililofungwa, na kwa miaka miwili nilifanya kazi bila kitufe hicho. Tangu Kiswahili kiingie katika lugha rasmi za SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, mwaka 2019, na kisha katika lugha za kazi za Umoja wa Afrika mwaka 2022, mikutano imeniongezeka, na kikohozi cha vumbi kikageuka kuwa jambo la kunikosesha mkate.

Wengi huniuliza kwa nini nisiguse tu ile alama ya maikrofoni iliyopo kwenye skrini. Anayeuliza hivyo hajawahi kukalimani. Skrini yangu wakati wa kazi ina mkutano, hotuba iliyoandikwa na orodha ya istilahi, vyote vimepandana, na ile alama mara nyingi imefunikwa na kimojawapo. Mkono wa kulia umeshika kalamu kwa sababu ya tarakimu na majina. Kuiacha kalamu, kuitafuta puku (kipanya cha kompyuta), kulifunua dirisha la mkutano na kuipata alama huchukua sekunde tatu au nne, na kikohozi hakina subira hiyo. Njia ya mkato ya kibodi nayo, katika programu ninayoitumia, hufanya kazi pale tu dirisha la mkutano linapokuwa mbele. Nilihitaji kitu ambacho mkono ungekipata bila kuitwa na macho.

Maikrofoni yangu ni ya mezani, yenye shingo ya kupinda na pini ya milimita 3.5, nayo huchomekwa kwenye adapta ndogo ya sauti ya USB yenye tundu mbili, la kijani la kusikilizia na la waridi la maikrofoni. Ninaieleza kwa sababu ushauri wa kwanza niliopewa ulihusu adapta hiyo. Kijana mmoja anayeuza vifaa vya kompyuta aliniambia kwa uhakika kabisa: "Kaka, weka swichi kwenye waya wa USB. Ukiukata umeme, maiki imekufa, umemaliza kazi." Nilifanya hivyo. Nilijirekodi nikiwa peke yangu, nikaizima swichi, na rekodi ikawa kimya kabisa. Nikaridhika.

Siku mbili baadaye nilikuwa katikati ya mkutano, zamu ya kukalimani ilikuwa ya mwenzangu aliyeko Arusha, na mama mwenye nyumba akagonga mlango kuhusu uniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, zilizokwisha usiku. Nikaizima swichi yangu, nikamwamkia, tukazungumza kwa kirefu nani alinunua mara ya mwisho na nani anadaiwa. Mwenzangu akaniandikia neno moja: "Unasikika." Sikuelewa, kwa kuwa swichi ilikuwa imezimwa mbele ya macho yangu. Baadaye ndipo nilipotambua kilichotokea: adapta ilipokatiwa umeme, kompyuta iliona kwamba maikrofoni imechomolewa, ikahamia yenyewe kwenye maikrofoni ndogo iliyojengwa juu ya skrini. Nilikuwa nimeifunga maikrofoni moja na kuifungua nyingine ya siri. Nilipowasha tena swichi, programu haikurudi kwenye maikrofoni ya mezani hadi nilipoichagua kwa mkono katika orodha, huku zamu yangu ikiwa imekwisha kuanza. Usiku huo niliwaandikia waandaaji barua ya kuomba radhi. Ushauri ule unanikasirisha hadi leo kwa sababu ukiujaribu ukiwa peke yako unafanya kazi, na unakuangusha pale tu wanapokuwepo watu. Yeyote atakayeambiwa kuukata umeme wa kifaa cha USB ili kuinyamazisha maikrofoni, aukatae.

Nikaamua kuuendea waya wa maikrofoni yenyewe. Hapa nilifanya jambo moja ninalolionea fahari: sikuigusa maikrofoni. Nilinunua waya mfupi wa kuongezea, wenye pini upande mmoja na tundu upande wa pili, kwa bei kama ya soda mbili au tatu, nikaukata katikati. Nikiharibu, nimeharibu waya huo tu, na siku nikitaka kila kitu kirudi kama kilivyokuwa nauchomoa. Ndani yake mlikuwa na nyuzi za shaba zilizotiwa rangi, nyekundu na kijani, pamoja na nyuzi tupu za ardhi, yaani za njia ya kurudia umeme, zilizouzunguka waya wote. Kwa multimita, kile kipimo cha umeme cha mafundi, nilitafuta ni upi unaofika kwenye ncha ya pini, kwa kuwa ndio unaobeba sauti; kwangu ulikuwa mwekundu.

Lehemu ilinishinda jioni nzima. Kila nilipoigusisha kwenye nyuzi nyekundu ilijikusanya kama tone la maji juu ya jani la mgomba na kudondoka. Nilidhani chuma changu hakipati moto, nikabadilisha ncha, nikabadilisha soketi ya umeme, wala haikusaidia. Ile rangi, kumbe, si ya urembo: ni varnishi inayotenganisha nyuzi zisigusane, na juu ya varnishi lehemu haishiki. Dawa yake ni kuuweka ncha ya waya ndani ya tone kubwa la lehemu ya moto pamoja na fluksi, ile dawa ya kuisaidia lehemu ishike, na kuushikilia humo bila haraka. Moshi mdogo unapanda, rangi inarudi nyuma, na shaba inatoka imevaa fedha. Wanaotumia kiberiti huunguza na nyuzi laini zisizo za shaba zilizomo ndani, kisha waya unakatika ukiupinda.

Swichi ya kwanza niliiweka ili iukate ule waya mwekundu. Matokeo yake yalikuwa mvumo. Waya uliobaki ukining'inia kwenye adapta uligeuka kuwa antena, ukavuta ngurumo ya umeme wa nyumba, ile ya hezi 50, na wasikilizaji wangesikia mashine ya kusaga badala ya kikohozi. Nikaibadilisha swichi ifanye kinyume: badala ya kuukata waya wa sauti, iuunganishe na waya wa ardhi. Mvumo ukaisha mara moja. Ila kila nilipobonyeza, na kila nilipoachia, palisikika kishindo kikali, na kwa mtu aliyevaa vifaa masikioni kishindo hicho ni kibaya kuliko kikohozi chenyewe. Nilijaribu mpango huohuo kwenye hedifoni ya simu nikitumaini kwamba kasoro ilikuwa ya adapta, na simu ikapokea wito kwa kubonyeza mara ya kwanza na kuukata kwa kubonyeza mara ya pili. Ndivyo kitufe cha hedifoni za simu kinavyofanya kazi: huunganisha waya wa maikrofoni na ardhi, na simu hulichukulia hilo kuwa ni amri.

Aliyenitoa hapo ni mzee mmoja fundi wa redio, Majengo, ambaye benchi lake limejaa redio za mbao ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Nilimwamkia, nikamweleza, naye akaishika maikrofoni na kunigeuzia swali: "Hiyo inakula umeme kutoka wapi?" Sikuwa nimelifikiria. Maikrofoni za aina hii zina kitu kidogo ndani kinachohitaji kulishwa, na kompyuta huilisha kupitia waya uleule unaorudisha sauti. Tulipopima tukakuta volti 2 na ushei. Kila nilipobonyeza nilikuwa ninaziangusha volti hizo hadi sifuri kwa mpigo, na huko kuanguka ndiko kulikokuwa kishindo.

"Sasa, mwanangu," akasema, "chakula chake usikiguse. Mtolee sauti peke yake." Akachora nyuma ya karatasi ya risiti: kutoka kwenye waya wa sauti kwenda kwenye kapasita, kutoka kwenye kapasita kwenda kwenye swichi, kutoka kwenye swichi kwenda ardhini, na rezista moja kubwa, kizuizi cha mkondo, ikiruka juu ya swichi. Kapasita huzuia mkondo mnyoofu, yaani zile volti za kuilisha maikrofoni, lakini huupitisha mkondo geu, na sauti ni mkondo geu. Rezista ya kilo-ohm 100, yenye mistari ya kahawia, nyeusi na njano, huifanya kapasita ijae mapema na upande wake wa swichi ukae kwenye sifuri, hivyo swichi inapofunga hakuna kinachoanguka. Kompyuta inaendelea kuiona maikrofoni yake, imelishwa na imetulia, ila sauti imepata njia fupi ya kwenda ardhini na haifiki kwake. Tena kwa mpango huu hakuna waya unaohitaji kukatwa. Mtu angeweza kuchubua tu na kuunga kwa ubavuni.

Nilirudi nyumbani na kufunga kapasita ya mikrofaradi 10 niliyoing'oa kwenye redio iliyokufa. Hakuna kishindo. Hakuna mvumo. Ila nilipomwomba mwenzangu wa Arusha asikilize, akaniambia kwamba nikiwa nimebonyeza, baada ya muda kidogo sauti yangu inaanza kupanda, nzito, kama ya mtu aliye chumba cha pili. Hapo nilikaa na karatasi na kikokotoo. Mikrofaradi 10, kwa sauti ya hezi 100, bado inaweka kizuizi cha kama ohm 160. Inapunguza sauti nene ya mwanamume lakini haiimalizi. Programu ya mkutano nayo ina tabia ya kuipandisha yenyewe sauti inayoiona ni ndogo, kwa hiyo mabaki yaleyale niliyoyaacha iliyaokota na kuyakuza. Nikaweka kapasita mbili za mikrofaradi 100 zikiwa sambamba, ambazo kwa pamoja hubaki na ohm 8 hivi kwa sauti hiyohiyo, na mwenzangu hakusikia tena kitu hata niliposoma hotuba nzima kwa sauti ya juu. Upande chanya ukae kwenye waya wa sauti; mstari uliochorwa ubavuni mwa kapasita huonyesha upande hasi, nao ndio unaokwenda kwenye swichi.

Kitufe chenyewe ni cha kengele ya mlango. Nilizunguka maduka ya umeme nikitafuta kitufe cha kubonyeza na kuachia, wakanionyesha swichi za taa, hadi nikakiona hicho kikining'inia ukutani kwenye mfuko wake, kwa elfu mbili au tatu. Kimetengenezwa kubonyezwa na watu wasiokitazama, ni kipana kama sarafu, na kiko wazi mpaka kibonyezwe, jambo ambalo mpango wa kupeleka sauti ardhini unalihitaji hasa. Sambamba nacho nimeweka swichi ndogo ya waya wa taa ya kitandani, inayobaki ilipoachwa, kwa ajili ya nusu saa ambayo zamu ni ya mwenzangu, au siku ya Januari mvua inapopiga bati. Upande wake wa kunyamaza nimeupaka rangi nyekundu ya kucha ili nisije nikaanza zamu yangu nikiwa bubu.

Vyote viko ndani ya kopo la bati la majani ya chai, na kopo lenyewe limelehemiwa kwenye waya wa ardhi. Hili ni muhimu kuliko linavyoonekana: kabla ya kuliunganisha, simu ikilala karibu na kopo, lile goma lake la kabla ya kuita lilikuwa likisikika. Chini ya kopo nimegundisha kipande cha tyubu ya baiskeli, kwa kuwa maikrofoni imesimama juu ya meza ileile na bila mpira huo meza huupeleka mlio wa kopo hadi shingoni mwake kila kidole kinapoachia.

Kuna tabia moja ya kifaa hiki ambayo lazima mtumiaji aijue. Kapasita zile na ile rezista huchukua kama sekunde 20 kuanza kutulia, kwa hiyo mara tu baada ya kuchomeka, kitufe kikibonyezwa hutoa kishindo kilekile cha zamani. Mimi huchomeka kila kitu kabla ya kuchemsha maji ya chai, na dakika moja inatosha.

Wiki iliyopita tulikuwa na mkutano wa saa tatu, na upepo ulikuwa ule wa kuinua mchanga barabarani. Nilichora kistari pembezoni mwa daftari kila nilipobonyeza. Mkutano ulipokwisha nilimpigia mwenzangu na kumwuliza nilikohoa mara ngapi. Akafikiri, akaniambia kwamba leo kifua changu kilikuwa kizuri. Kwenye daftari kulikuwa na vistari kumi na saba.