Rimu tano za Moshi

Basi lilitoka stendi ya Magufuli, pale Mbezi, saa kumi na mbili asubuhi. Nilikuwa nimepakata begi dogo lenye msasa wa maji wa namba 800, 1200 na 2000, tepe, kioo cha kukuzia na vipande vya bati nilivyovipiga rangi za fedha za aina tatu. Thina, yaani kiyeyusha rangi, sikubeba. Si kitu cha kupakia kwenye gari la abiria, na Moshi maduka ya rangi yapo.

Aliyeniita ni mzee mmoja mwenye MGA 1600, gari la michezo la Kiingereza la viti viwili. Kwenye simu aliniuliza jambo moja tu: rimu za gari lake zilitoka kiwandani zikiwa na rangi gani? Ya bodi alishaijua. Aliagiza cheti kutoka makumbusho ya magari ya Gaydon, Uingereza, zinakotunzwa kumbukumbu za kiwanda cha MG cha Abingdon, na cheti kikasema Iris Blue, ile bluu nyepesi iliyopoa. Kuhusu rangi ya rimu, hakuna neno.

Wapo watakaosema rimu ni rimu, piga rangi yoyote uendelee na maisha. Mimi siwezi. Rimu ndiyo inayolipatia gari uso wake. MGA ya bluu yenye rimu za bluu na MGA ya bluu yenye rimu za fedha ni magari mawili tofauti ukiyatazama kwa mbali, na moja tu kati ya hayo ndilo lililotoka Abingdon. Kiwanda hicho kilitengeneza MGA kuanzia 1955 hadi 1962, zaidi ya laki moja, na nyingi zilivuka bahari. Hili la Moshi lilikuja Tanganyika.

Tulipita Chalinze, tukapita Segera, Korogwe tukateremka kula. Baada ya Same milima ya Upare ilisimama mkono wa kulia, na upepo wa dirishani ukawa mkavu wenye vumbi. Himo nikaanza kuutafuta mlima. Ulikuwa umejifunika. Jioni, nikiwa nimeshuka natembea kuelekea Mnara wa Saa, mawingu yakafunguka juu kabisa na Kibo ikaonekana, nyeupe, kwa muda wa kama dakika kumi. Nikasimama nikaitazama mpaka ikafunikwa tena.

Asubuhi nilinunua thina karibu na soko la Mbuyuni, nikachukua bodaboda kupanda barabara ya Kibosho. Nyumba ya mzee ipo kati ya migomba na kahawa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Umekunywa chai?"

Nilikuwa nimekunywa, lakini mama alishaleta mtori, na mtori wa Kibosho hukatai. Tulikula mzee akinieleza. Baba yake alilinunua gari 1968 kwa mkulima wa kahawa, Mgiriki aliyekuwa anaondoka. Mzee wakati huo alikuwa na miaka kumi na mitano, tayari mgonjwa wa magari. Alishazoea kusimama barabarani kusubiri Safari Rally, enzi zile mashindano yalipokuwa bado yanaingia Tanganyika na Peugeot 404 zikishinda. 404 ilishinda mwaka 1963, akanikumbusha, kisha 1966, 1967 na 1968, akizihesabu kwa vidole.

"Rimu zilikuwa bluu," akasema. "Bluu kama bodi. Hilo nalikumbuka kama jana."

Gari lilikuwa bandani, jekundu sasa, rimu nyeupe. Mzee alishakwangua rimu ya mbele kwa kisu, na kweli, chini ya nyeupe kulikuwa na bluu. Kwa mtu mwingine kazi ingeishia pale. Lakini kisu kinakufikisha kinapotaka chenyewe, hakikuonyeshi mfuatano wa tabaka za rangi.

Nikachagua sehemu ya ukubwa wa shilingi, nikailowesha, nikaanza na msasa namba 800 kwa mzunguko, polepole, katikati nikikandamiza zaidi. Kisha 1200, kisha 2000. Ukifuta maji unaona pete, moja ndani ya nyingine, kama gogo la mti lililokatwa. Nje kabisa nyeupe. Ikafuata praima, rangi ya msingi, ya kijivu. Ikafuata bluu. Ndani ya bluu kulikuwa na pete nyembamba inayong'aa kidogo, kisha weusi hafifu, kisha chuma.

Mzee akainama. "Hiyo inayong'aa si chuma chenyewe?"

Swali zuri sana, na ndilo linalowapoteza wengi. Nikampa kioo cha kukuzia, nikamwomba atazame taratibu. Chuma kilichosagwa na msasa kina mikwaruzo inayokwenda pamoja, na uso wake ni mmoja. Rangi ya fedha ni unga wa alumini ndani ya mafuta ya rangi: chini ya kioo unaona chembechembe, kila moja inarudisha mwanga wa upande wake. Alitazama muda mrefu.

"Ni chembe," akasema. Hakufurahi.

Bado sikutaka kukata shauri. Pete moja kwenye uso wa rimu haitoshi, maana uso ndio unaochunwa, unaopigwa mawe, unaosafishwa kwa brashi ya waya na kila fundi anayepita. Ushahidi unautafuta mahali ambapo hakuna mkono ulioona sababu ya kufika. Tukamwita kijana wa pancha. Alikuja na nyundo na mitalimbo, nikamwomba tairi alitoe taratibu, bila kuburuta chuma kwenye ukingo. Akanielewa, akaweka vipande vya mpira kila alipopachika mtalimbo. Kijana mwangalifu kama huyo anafaa kusifiwa.

Tairi lilipoachia, jibu lilikuwa wazi kiasi kwamba hata yeye aliliona. Bluu ilikomea kwenye mstari, palepale midomo ya tairi ilipokuwa imelalia. Kuanzia hapo kwenda ndani ilikuwa fedha tupu. Maana yake bluu ilipigwa tairi likiwa limevaliwa, na kiwandani rimu hupigwa rangi kabla haijaona tairi. Nikaigeuza. Rimu za MGA zina matundu ya duara kuzunguka, na nyuma ya matundu mawili bluu ilikuwa imechuruzika, michirizi miwili ya urefu wa kidole, imekaukia juu ya fedha. Sehemu nyingine yote ya nyuma haikuwa na bluu hata tone.

Nikalowesha kitambaa kwa thina, nikakibonyeza juu ya mchirizi kwa muda mfupi. Kitambaa kikatoka na bluu. Nikafanya vilevile kwenye fedha, kitambaa kikatoka na uchafu tu. Rangi iliyookwa kwenye tanuri la kiwanda hailegei upesi namna hiyo. Ya gereji, iliyokaushwa na jua, inalegea.

Ikabaki spea. Kwenye MGA tairi la spea hulala ndani ya buti, sehemu yake ikipenya nyuma ya viti. La mzee lilikuwa limekaa humo miaka mingi sana. Tuliitoa watu watatu, na chini ya vumbi rimu ilikuwa ya fedha mbele na nyuma. Nyeupe haikufika, bluu haikufika.

Mzee alikaa kwenye kigoda. Baada ya kitambo akasema, "Gari lilipokuja nilikuwa shule ya bweni. Nililiona mara ya kwanza likizo." Akanyamaza. "Na baba aliwahi kusema trekta la shamba lililigonga kabla ya mimi kurudi. Atakuwa alilirudishia rangi. Ikabaki, akapiga rimu."

Kumbukumbu yake ilikuwa sahihi. Bluu aliiona kweli. Ila fedha ilikuwepo kabla yake.

Kujua kwamba ni fedha ni nusu ya kazi. Fedha ipi? Magari mengi ya zamani yanaharibiwa hapa: fundi anapiga silva ya magari ya leo, yenye chembe kubwa, anaifunika na vanishi, rimu zinang'aa kama sufuria mpya. Fedha ya zamani ni tulivu, chembe zake ni laini, haina vanishi juu, na mwanga inaurudisha kwa upole. Wala huchukui kivuli chake mahali palipopigwa na jua, maana hapo imeshafifia kuwa kijivu. Tulitoa risasi ya balansi, kile kipande kidogo kizito kinachobanwa ukingoni ili gurudumu lizunguke sawa, kwenye rimu ya spea, na pale ilipokuwa imebana palikuwa pamebaki kama siku ya kwanza. Kesho yake saa moja na nusu asubuhi, nje, mgongo kwa jua, niliweka vipande vyangu vya bati kimoja kimoja kando yake. Cha kwanza kilikuwa cheupe mno. Cha pili kikapotea ndani ya rangi, jicho halikuona mpaka.

"Hicho," mzee akasema kabla yangu.

Siku mbili tulichuna rimu nne kwa mkono, mimi, mzee na yule kijana wa pancha aliyekataa kurudi kijiweni kwake. Spea mzee alisema isiguswe, ioshwe tu kwa maji na sabuni. Nilipokuwa natayarisha ile rimu ya kwanza kupiga praima, akaja akasimama nyuma yangu.

"Mwanangu, ile michirizi ya baba umeshaitoa?"

Mmoja nilikuwa nimeugusa kwa thina. Wa pili ulikuwa mzima. Nikakata tepe, nikaibandika juu yake, nikapitisha kidole pembeni mpaka ikashika vizuri, halafu nikawasha kompresa.