Usiku Bibi Alipomsikia Jogoo

Jana jioni gari la zimamoto lilipita mtaani kwetu likipiga king'ora, mwanangu akakimbilia dirishani kushangilia. Bibi angekuwa hai angemvuta shati na kumrudisha ndani. Nikaukumbuka usiku tulipotazama Nosferatu, filamu bubu ya Kijerumani ya mnyonya damu.

Nililetewa diski kutoka Ujerumani, ile nakala iliyokarabatiwa. Chuoni tulionyeshwa ya rangi nyeusi na nyeupe, imechakaa, na darasa zima likacheka pale Orlok, huyo mnyonya damu, anapokatiza mji na jeneza lake mchana kweupe, ilhali filamu yenyewe inasema jua humuua. Kumbe usiku ulikuwa umefutika. Mwaka 1922 mwongozaji Murnau alipiga picha za usiku wakati wa mchana, kisha filamu ikatiwa rangi: buluu kwa usiku, waridi kwa alfajiri. Nakala zilizokosa rangi zikabaki na jua tupu. Luciano Berriatúa alipoikarabati mwaka 2005 na 2006, alitegemea nakala ya rangi ya 1922 iliyotunzwa Ufaransa. Bahati kubwa, maana mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani iliamuru nakala zote ziteketezwe, baada ya mjane wa Bram Stoker, mwandishi wa riwaya ya Dracula, kushtaki kwamba hadithi hiyo imechukuliwa bila ruhusa.

Bibi hakutaka habari za mahakama. "Mke mwenzangu, weka tuone."

Nikazima taa. Wahusika hawasemi, maneno yanakuja kwa maandishi, basi nikawa nayasoma kwa Kiswahili kwa sauti, kama Lufufu, yule mtafsiri wa filamu, kwenye kibanda cha video. Orlok alipotokea mlangoni mwa kasri lake, Bibi alisogeza kiti nyuma.

"Huyu mumiani," akasema. Hakuuliza.

Sehemu ya meli na panya wanaoleta tauni mjini ilipita akiwa kimya. Kisha tukafika kwa Ellen, mke wa kijana mmoja wa mji ule. Amesoma kitabuni kwamba mwanamke mwenye moyo safi akimshikilia yule kiumbe asisikie jogoo wa kwanza, kiumbe huyo ataangamia. Anafungua dirisha. Anamwamsha mumewe na kumtuma akamwite daktari. Kivuli kinapanda ngazi, mgongo umepinda, vidole virefu kuliko mkono wenyewe. Mkono wa kivuli ukatambaa juu ya gauni jeupe hadi kifuani, ukafumba ngumi. Bibi alishika kifua chake palepale. Nikanyamaza, kwani hapakuwa na maandishi ya kusoma. Orlok akainama kitandani, akakaa hapo muda mrefu. Ghafla buluu ikaondoka, picha ikawa waridi, na jogoo akaonekana ananyoosha shingo.

"Kawika!" Bibi akapaza sauti. "Umemsikia? Kawika!"

Spika zilikuwa zinatoa muziki tu. Lakini alikuwa amemsikia, naapa, na Orlok naye alikuwa ameinua kichwa. Akapita mbele ya dirisha, akashika kifua, akawa moshi.

Nilipowasha taa, Bibi alinisimulia Kariakoo ya utoto wake, enzi za mkoloni. Watoto waliambiwa kwamba watu wa zimamoto ndio mumiani, wanakamata watu usiku na kuwanyonya damu ya kutengenezea dawa. Gari jekundu likipita, wao chini ya kitanda. Hakusema aliamini au la. Alisema tu kwamba wakubwa nao walifunga milango.

Ila kilichomkera ni Ellen. "Kwa nini afe yeye? Mji mzima una wanaume."

Nikamwambia Ellen alichagua mwenyewe.

"Alipewa la pili la kuchagua?"

Tulibishana mpaka usiku mkubwa. Mimi naiona ile kama ushujaa: yeye peke yake alisoma kitabu na kukiamini, wengine wote waliona tauni tu. Bibi aliona mji uliomwachia mwanamke mmoja kazi ya wote. Nimeitazama tena tangu afariki, na kila nikifika pale anapomwamsha mumewe, najikuta namtazama mume, sio Ellen. Bado sijakubali kwamba Bibi alikuwa sahihi. Wala siwezi tena kuitetea hoja yangu kwa nguvu zile za usiku ule.