Simu inatafsiri, sasa ya nini kuhangaika na lugha ya kigeni?

Hili swali naulizwa sana tangu nianze kujifunza Kijerumani. Watu wanashangaa kweli, si unaongea tu hapo simu inakutafsiria, shida iko wapi? Na mimi siwezi kubisha kwamba inatafsiri maana naitumia karibu kila siku, barua pepe, maelekezo ya vifaa, habari za huko nje. Google walizindua huduma yao ya kutafsiri 2006 na ilikuwa inaleta vituko kwelikweli, alafu 2016 wakaleta mfumo mpya unaochukua sentensi nzima badala ya vipande vipande na hapo ndo mambo yakaanza kunyooka. Kwahiyo kama unachotaka ni kujua karatasi imeandikwa nini, usijitese, tumia simu.

Ila watu wakikaa wanapiga stori ni habari nyingine kabisa, na Kijerumani ndo kimenionyesha hilo vizuri kuliko maelezo ya mtu yeyote. Kwenye Kijerumani ukianza na "kwa sababu" au "kwamba", kitenzi kinasukumwa hadi mwisho kabisa. Yaani mtu anakwambia hivi: kwa sababu yeye jana jioni na bosi wake mpya kwenye kile kikao kirefu mbele ya watu wote… na hadi hapo hujui kama waligombana, walicheka au walisinzia! Unasubiri. Sasa na mashine nayo hapo inasubiri kama wewe, au inabahatisha alafu inajisahihisha, na kama hiyo stori ilikuwa ya kuchekesha basi wenzako wameshacheka wamemaliza wapo kwenye stori nyingine, ndo sauti ya simu inaanza kukueleza kilichotokea. Unacheka peke yako watu wanakuangalia. Anayeijua lugha hata kwa kuchechemea tu anacheka na wenzake, na mi naona hapo ndo faida ilipo, kuwa ndani ya mazungumzo wakati yanatokea na sio kuletewa ripoti baadae. Hizo nyingine za kazi, masomo nje na kupendeza kwa sivii zipo, wala sizidharau, ila zimeshasemwa sana.

Jambo ambalo sikulitegemea kabisa ni jinsi nilivyoanza kukiangalia Kiswahili changu. Kijerumani kina jinsia tatu za nomino na hamna anayekupa sababu ya maana: kijiko ni cha kiume, uma ni wa kike, kisu sio huku wala huku. Ukisoma malalamiko ya watu wanaojifunza, hasa waliokulia kwenye Kiingereza, utadhani wamefiwa. Mi nikajiuliza, kwani hawa wanalia nini? Sisi tunasema kiti kile kirefu kimevunjika, viti vile virefu vimevunjika, kila neno linafuata nomino kama ng'ombe wanavyomfuata mchungaji, na tunafanya hivo tangu tukiwa wadogo bila hata kufikiria. Shuleni tulikariri zile KI-VI na U-ZI ili tufaulu mtihani tu, hakuna aliyetuambia kwamba tayari tuna kichwa kilichozoea mambo ya upatanisho ambayo wengine wanayakuta ukubwani kwa mara ya kwanza. Tofauti ni kwamba ngeli zetu mara nyingi unaziona mwanzoni mwa neno lenyewe, wakati kwa Wajerumani maneno mengi inabidi uyameze pamoja na jinsia yake, hamna njia ya mkato. Lakini ile hofu haipo, na hofu ni nusu ya kazi.

Alafu kuna hili la hasira. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Boaz Keysar na wenzake, walitoa utafiti ambapo watu walipewa tatizo lilelile ila limeelezwa kwa namna mbili, upande mmoja wanahesabiwa watakaookolewa na upande mwingine wanahesabiwa watakaokufa, namba hazijabadilika kabisa. Kwa lugha ya mama watu walibadili uamuzi kufuatana na maneno yalivyopangwa, kwa lugha ya kigeni ule mtego haukuwanasa hivo. Maelezo yao ni kwamba lugha uliyojifunza ukubwani haikushiki moyo kwa karibu kama ile uliyolelewa nayo. Mimi si mtafiti ila nakubaliana nao kabisa, maana kuandika ujumbe wa kumshukia mtu kwa Kijerumani ni kazi, hadi nimepata kitenzi, nimekipeleka mwisho, nimehakikisha jinsia imekaa sawa, ile hasira imeshapoa na ujumbe umetoka wa kistaarabu. Kwa Kiswahili ningekuwa nimeshatuma kitambo.

Muda sasa, maana hapa watu wanadanganywa sana na matangazo ya ongea lugha kwa wiki chache. Taasisi ya Marekani inayofundisha wanadiplomasia wao lugha inakadiria wiki 36 hivi za darasani kwa Kijerumani, na Kiswahili chetu wamekiweka kundi hilohilo, wakati Kiarabu, Kichina, Kijapani na Kikorea ni wiki 88, kama masaa 2200. Na hao ni watu ambao kusoma ndo kazi yao kwa kipindi hicho na tayari wanajua Kiingereza. Sisi wengine tunaoiba dakika kabla ya kulala tukubali tu itachukua miaka, na wala sio mbaya, kwasababu faida haisubiri mpaka umalize. Ukifika pale ambapo unaelewa nusu ya kinachosemwa na nusu nyingine unaikisia, tayari umeshaanza kula matunda, japo kichwa kinauma.

Kama una Kijerumani kidogo na unataka kuzoesha sikio, DW, lile shirika la utangazaji la Ujerumani, wana taarifa ya habari inayosomwa polepole kwa ajili ya wanaojifunza, ni bure. Ni habari zilezile za dunia ila kila neno linatamkwa likasikika, hadi ule mwisho wa sentensi ambao kwenye mazungumzo ya kawaida huwa unamezwa. Na maandishi yake wanayaweka pia, sasa usiyafungue haraka, sikiliza kwanza mara mbili tatu bila kusoma, sehemu iliyokushinda kabisa ndo uende ukaangalie walisema nini.