Janjira, Ngome Inayoficha Mlango

Kutoka Mumbai tulivuka kwa feri hadi Mandwa, tukapanda basi la Alibag, kisha jingine la Murud. Hilo la pili lilijaa pomoni. Nilisimama hadi karibu na Revdanda, ndipo mzee mmoja akampakata mjukuu wake nikapata pa kukaa.

Wilaya ya Raigad, tuliyokuwa tukiipita, imebanwa kati ya bahari na milima ya Sahyadri. Mito inayoshuka huko ni mifupi, ila ikikaribia pwani hutanuka ikawa mahori, na barabara haina budi kuyazunguka. Dirishani ni minazi, mipopoo na mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa. Kama si maandishi ya vibao, ningedhani niko kwetu Pwani. Hadi 1981 wilaya hii iliitwa Kolaba, jina la ngome iliyo majini mbele ya Alibag. Sasa inaitwa kwa ngome ya mlimani, Raigad, alikotawazwa Shivaji, mfalme wa Wamaratha, mwaka 1674.

Mimi nilifuata ngome nyingine ya majini, Janjira. Kwenye kijiji cha Rajapuri, karibu na Murud, tulipakiwa kwenye mashua ya tanga. Nahodha hakujua lugha yangu wala mimi yake, lakini alipoashiria tuhamie joshini nilielewa mara moja. Ilikuwa Januari, bahari shwari. Kuanzia Juni kusi hulichafua eneo lote hili na mashua hazivuki.

Ukuta wa Janjira unatoka majini wima, mita 12 hivi, na buruji 19 za mviringo. Nilitafuta mlango nisiuone. Tulipokuwa karibu kabisa ndipo ukajitokeza kati ya buruji mbili, nasi tukasubiri wimbi liinue mashua turukie ngazi. Mguu wangu wa kushoto uliteleza. Kiatu kikalowa hadi jioni.

Jina lenyewe halikunihitaji mkalimani: ni jazira, kisiwa. Na wenye ngome waliitwa Masidi, kutokana na sayyidi, bwana. Walikuwa watu wenye asili ya Afrika, wengi wao Wahabeshi, waliofika Bara Hindi wakiwa watumwa, askari na mabaharia, wakaishia kuwa watawala. Shivaji alijaribu kuiteka ngome yao akashindwa. Mwanawe Sambhaji, mwaka 1682, alianza kujaza mawe baharini ili jeshi lipite kwa miguu, naye akashindwa. Masidi walibaki na dola lao hadi lilipounganishwa na India mwaka 1948. Langoni kuna mnyama wa kuchongwa, mfano wa simba, amewakamata ndovu kwa makucha. Mchongaji hakutaka kufumba maneno.

Watalii wenzangu walikimbilia mzinga mkubwa, Kalal Bangdi, wapigwe picha. Nikaugusa: ulikuwa wa moto kama kikaango. Mimi kilichonishika ni birika la mawe katikati ya ngome, pana, maji ya kijani. Maji matamu, na chumvi imelizunguka pande zote! Mzingiwa mwenye maji ana haraka gani?

Nahodha alipiga mluzi kabla sijashiba. Tuliporudi Rajapuri nilitembea hadi Khokri, kwenye makaburi ya watawala hao. La Siddi Surul Khan ndilo kubwa kuliko yote, kuba lake limeanza kuota majani. Nikavua kiatu, nikakikung'uta maji ya chumvi, nikaingia.