Mwanangu, P.O.P yake na daladala ya beseni

Nianze na aibu: mguu niliuvunja mimi. Idi pili, uwanja wa watoto, mwanangu ana mwaka na miezi kumi, anaogopa kuteleza peke yake kwenye mtelezo. Nikampakata, tukashuka. Katikati raba yake ikanasa pembeni. Mimi na kilo zangu themanini tukaendelea na safari, mguu ukabaki nyuma. Alilia kidogo, akanyonya, akalala. Asubuhi namsimamisha, anaunyanyua mguu kama kuku aliyekanyaga kaa la moto.

Picha ilionyesha ufa umezunguka mfupa wa muundi. Daktari wala hakushangaa. Wazazi wa kupakata anawaona kila sikukuu. Kumbe angeteleza mwenyewe na raba ikanase, angesimama tu. Ni uzito wa mtu mzima unaosokota mguu.

Akafungwa P.O.P, yaani plasta ngumu ya jasi, kuanzia vidoleni hadi juu ya paja. "Wiki nne, mama. Asikanyage." Haya, mwambie wewe.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba jasi haikauki siku hiyohiyo, inaweza kuchukua hata siku mbili. Mimi kwa huruma nikamfunika blanketi. Asubuhi plasta baridi, mbichi, kisigino kimeanza kubonyea. Iacheni wazi juu ya mto, jamani, ipigwe na hewa. Na vidole viangaliwe: nilikuwa nabonyeza dole gumba, nangoja lirudishe rangi. Vikivimba, vikiwa baridi au vikibadilika rangi, ni kurudi hospitali usiku huohuo.

Washauri sasa. Jirani: "Atatulia, maumivu yatamfunza." Maumivu yaliisha siku ya tatu. Shemeji akaleta katuni kwenye simu; zikamshika siku moja na nusu. Mama mkwe akapiga kutoka Tanga, nimkande na maji ya chumvi. Nikasema "sawa mama", nikakaa kimya. Mwingine akataka tuifungue plasta twende kwa mtaalamu wake wa kuunga mifupa. Huyo nilimpa chai, akanywa, akaenda.

Nami nikajiona mwerevu kuliko wote. Nikasema nimfunge plasta na dubu wake wa kuchezea, wafanane. Nikapika uji mzito wa unga wa ngano, nikachana kanga kuukuu vipande, nikamviringishia dubu mguu mzima na kumwanika dirishani. Kazi safi, hata mume wangu alisifia. Mtoto akafurahi, akambusu. Kesho yake sisimizi wakajipanga kutoka dirishani hadi kwenye paja la dubu. Hilo dogo. Keshokutwa nilimkuta ameibandua plasta yote ya dubu, ameitupa, na sasa amekaa ameshika kijiko, anachokonoa ya kwake. Nilimfundisha mwenyewe kwamba inatoka!

Aliyetuokoa ni dada wa kazi. Alikuwa amemaliza kufua, akamtumbukiza kwenye lile beseni kubwa ili apate kupiga deki. Kanga mbili chini, mto mdogo ukingoni, mguu umelala juu ya mto, kamba ya kuanikia kwenye mkono wa beseni, akavuta. "Kariakoo, Kariakoo! Wa mwisho huyo!" Mtoto alicheka mpaka akapaliwa. Siku mbili baadaye alikuwa konda kamili: anapiga ubavu wa beseni kofi mbili gari liondoke, akifika kwenye friji anapiga kelele "Susa!" Kwenye friji kuna ndizi, mlangoni tunatazama kuku, chumbani tunageuza. Mgongo wangu ndio ulioshindwa. Wiki ya tatu akajifunza kujiburuza kwa makalio, mguu mbele kama mzinga, na vigae vya sebuleni vina alama mpaka leo.

Kuoga ni kitambaa cha maji tu. Mkojo ulinitesa: nepi ndogo ndani, kubwa juu, na ukingo wa plasta nikauzungushia nailoni. Suruali zote nikazifumua mshono wa pembeni. Akiwashwa, msichomeke kijiti cha mshikaki, mtamchubua msikokuona. Nilimpepea kwa ungo. Juu ya plasta nikamvalisha soksi ndefu ya baba yake ya kuchezea mpira, baada ya kugundua maharage ninayochambua yanapungua. Usafiri ni bajaji, bodaboda hapana. Gharama zote zilikula kama laki na nusu, sikuandika.

Siku ya kufungua, mashine ya kukatia plasta ilimtisha kwa mlio wake, ingawa inatetemeka tu, ngozi haikati. Plasta ikaachana, yakadondoka maharage matatu na kifuniko cha kalamu. Daktari akanitazama. Nikatazama ukutani.

Mguu ulitoka mwembamba, ngozi ina magamba. Tumefika nyumbani, namwambia, "Baba, tembea sasa," hataki. Akaniangalia, akajiburuza hadi uani, akapanda beseni lake na kulipiga kofi mbili.