Jaribio la nane: sosi ya jibini haikukatika

Haikukatika! Nimeiepua, nikaikoroga, nikaiacha ipoe, kisha nikairudisha motoni kwa makusudi nione kama itaachana. Bado ni rojo moja laini, linang'aa, linashika mgongo wa mwiko. Hakuna chenga wala mafuta yanayoelea. Majaribio saba yametangulia hili, na naandika sasa hivi kabla sufuria haijaoshwa.

Lengo ni lile lile: makaroni ya jibini ya chakula cha jioni, yenye utamu ule unaomfanya mtu aliyechoka anyamaze na kula, ila iwe nyepesi. Mwenzangu ameshauriwa na daktari apunguze mafuta, na hiki ndicho chakula anachokiomba kila wiki ikiwa ngumu. Sikutaka kumpa kitu cha kumhurumia. Mapishi yetu ya zamani ya watu wanne yalikula gramu 250 za jibini ya cheda, gramu 60 za siagi, gramu 40 za unga, mililita 600 za maziwa yenye mafuta yake yote na gramu 400 za makaroni. Nikijumlisha napata karibu kilokalori 860 kwa sahani.

Jaribio la kwanza nilitumia jibini ya mafuta kidogo na maziwa yaliyoondolewa mafuta. Ikatoka mchanga. Jibini ya namna hiyo ina protini nyingi ukilinganisha na mafuta yake, na ikipata moto protini hizo hukumbatiana, hukamua maji nje na kubaki chengachenga. Tangu siku hiyo nimeiacha kabisa. Afadhali gramu 120 za cheda iliyokomaa, yenye ukali wake, kuliko 250 za ile isiyo na ladha.

La pili niliweka konfulawa. Haikukatika, kweli, lakini ilikuwa kama gundi na ukali wa jibini ulizama humo. La tatu hadi la tano ni habari ya koliflawa, gramu 400, iliyosagwa pamoja na maziwa ili ibebe uzito ambao zamani ulibebwa na siagi na unga. Nilipoichemsha kwa maji mengi ilinuka kabichi na kuifanya sosi kuwa majimaji. Sasa naipika kwa mvuke mpaka ilainike kabisa, halafu naikausha kwenye kikaango kikavu hadi mvuke ukome, ndipo inaingia kwenye blenda. Tofauti ni kubwa. Ila jibini ilikuwa bado inakatika kila nikiitia, hata moto ukiwa mdogo.

Hapo ndipo nilipokwama kwa wiki tatu.

Kilichonitoa ni kusoma jinsi jibini ya kusindika ilivyoanza. Mwaka 1911, Waswisi wawili, Walter Gerber na Fritz Stettler, waliyeyusha jibini ya Emmental pamoja na sodiamu sitreti, aina ya chumvi, ikabaki laini. Sitreti hushika kalisi inayozifunga protini za jibini, protini zikalegea na kuweza kushikilia mafuta na maji pamoja. Kwa hiyo nilichokuwa nikikitafuta kwenye unga hakikuwa kwenye unga hata kidogo. Na chumvi hiyo hutengenezwa jikoni: maji ya limau yana asidi ya sitriki, ukiongeza magadi soda ile ya kuokea inatoa povu, povu likiisha imebaki sitreti.

Rahisi kusimulia. Jaribio la sita nilikisia magadi kwa ncha ya kijiko. Asidi ikabaki, nikamimina maziwa, yakakatika palepale mbele ya macho yangu, mapande meupe kwenye maji ya kijani kibichi. Niliumia, kwa sababu koliflawa ya siku ile ilikuwa imetoka vizuri kuliko zote. La saba nikaogopa nikazidisha magadi. Sosi ikawa laini kama hariri, na ladha ya sabuni. Hatukuila.

La nane nimepima. Gramu 45 za maji ya limau yaliyochujwa, magadi gramu 3 kwa makadirio, lakini si zote kwa mara moja, maana malimau hayalingani ukali. Nilitia gramu 2 kwanza, nikateleka kwenye moto mdogo, nikasubiri povu litulie, kisha nikaongeza punje kwa punje. Punje iliyofika bila kutoa kiputo hata kimoja ndiyo iliyoniambia nisimame. Gramu 2.7 leo. Kisha maziwa mililita 300, kisha koliflawa, na mwisho jibini kidogokidogo, sufuria ikiwa imeshaepuliwa. Chumvi sikutia. Sitreti ina chumvi yake, na cheda pia.

Kuhusu vifaa: mizani ya kawaida ya jikoni inayoruka gramu kwa gramu haifai kwa kazi hii. Ile ndogo inayosoma sehemu ya kumi ya gramu ndiyo iliyoniokoa, na ningeinunua kabla ya blenda. Jibini ikune mwenyewe kwa greta. Ile inayouzwa ikiwa imeshakunwa hupakwa wanga au nyuzi za selulosi ili isishikane, na vitu hivyo vinaharibu ulaini tunaoutafuta. Kipigio cha waya kinakoroga vizuri kuliko mwiko hadi jibini iyeyuke, baada ya hapo rudi kwenye mwiko.

Kwa gramu 300 za makaroni kwa watu wanne, sahani sasa ina karibu kilokalori 450. Sehemu ya upungufu huo ni makaroni yenyewe kupungua gramu 100, sitaki kudai kwamba sosi imefanya yote. Lakini sahani imejaa, na mwenzangu ameomba aongezewe kabla sijakaa.

Mpango wa leo ulikuwa niendelee na ganda la juu, chenga za mkate zilizokaangwa bila mafuta kisha oveni dakika chache, na wiki ijayo makaroni ya ngano isiyokobolewa. Nimeviweka kando vyote viwili. Nilipokuwa nakwangua sufuria niliona rangi ya sosi imepauka kwa ajili ya koliflawa, nikafikiria boga: rangi ya jibini tayari, utamu wa kutosha kusawazisha ukali wa cheda, na likichomwa linakauka lenyewe bila kikaango. Nina nusu boga hapa. Limeshaingia ovenini, na malimau mawili yamebaki mezani karibu na mizani.